Sisimizi mkata-majani: analima uyoga, halishi watoto wake majani, na hayuko Afrika

Sisimizi mkata-majani ni sisimizi wa bara la Amerika anayekata majani mabichi kwa mataya yake, anayabeba mpaka ndani ya udongo, na huko anayatumia kulimia uyoga. Uyoga ule njo chakula cha watoto wake. Kiota kimoja kikubwa kinaweza kuwa na sisimizi milioni kadhaa, wote wakitegemea shamba moja ambalo halioni jua hata siku moja.

Picha zake zinazunguka sana kwenye simu: mstari mrefu wa sisimizi, kila mmoja na kipande cha jani juu ya kichwa sawa mwavuli. Mkulima akiisha kuona picha hizo, kisha akute sombe yake imetobolewa, ni rahisi kumlaumu sisimizi wa kwanza anayepita na kumwaga dawa ama mazutu ndani ya kiota chake. Lakini mkata-majani huyu hayuko Kivu, hayuko Ituri, hayuko Maniema, hayuko Tanganyika. Kumjua vizuri kunasaidia vitu viwili: kuelewa moja ya kilimo cha zamani zaidi duniani, na kutomuua mdudu asiye na kosa ku shamba.

JINA NA UKOO WAKE

Sisimizi wote wa dunia wako katika familia moja inayoitwa Formicidae. Ndani ya familia hiyo, mkata-majani yuko katika familia ndogo ya Myrmicinae na katika kabila la Attini. Spishi inayojulikana sana ni Atta cephalotes. Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alimuandika mwaka 1758 kwa jina la Formica cephalotes. Mwaka 1804, Fabricius wa Denmark akaunda jenasi Atta, na jina likabaki Atta cephalotes mpaka leo. Neno la pili linatoka katika Kigiriki na linahusu kichwa, na kweli, askari wa spishi hii wana kichwa kikubwa kupita kiasi.

Jenasi Atta ina spishi karibu 20. Ndugu yake wa karibu, Acromyrmex, ana zaidi ya 30. Mwaka 2020 watafiti walitenga kikundi kidogo cha tatu na kukiita Amoimyrmex. Kutofautisha ndugu wawili wa kwanza si kazi ngumu kwa mwenye kioo cha kukuza: juu ya mgongo wa kifua, Atta ana jozi tatu za miiba, na Acromyrmex kwa kawaida ana jozi nne. Tumbo la Atta ni laini, la Acromyrmex lina vijipu vijipu.

Atta cephalotes anaishi kutoka kusini mwa Mexico mpaka Brazil na Bolivia, hasa katika misitu yenye joto na mvua. Ukichukua wakata-majani wote pamoja, eneo lao linaanzia kusini mwa Marekani na kufika Argentina.

Je, hana hata jamaa mmoja hapa kwetu? Anaye, lakini wa mbali. Utafiti wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2015 ulipanua kabila la Attini na kuingiza ndani yake jenasi zingine, kama Pheidole. Hao Pheidole wako Afrika pia: ni wale sisimizi wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa, wanaokusanya makombo na mbegu. Lakini hawakati majani wala hawalimi. Sisimizi wanaolima uyoga, spishi karibu 250, wote asili yao ni Amerika.

MAMA MMOJA, MIILI TOFAUTI

Wafanyakazi wote wa kiota ni wa kike, na wote wamezaliwa na malkia mmoja. Hata hivyo hawafanani kwa ukubwa. Mdogo kabisa ana kichwa kisichofika milimita 1 kwa upana. Kichwa cha askari kinapita milimita 5. Ukubwa wa mwili ndio unaogawa kazi.

Wadogo kabisa wanashinda ndani, wakipalilia uyoga na kutunza mayai na mabuu. Wa kati wanatoka inje kukata na kubeba. Askari wanalinda kiota, na wakati mwingine wanaondoa vizuizi vizito njiani. Umri nao una neno lake. Mataya ya mkataji yana madini ya zinki yanayoyafanya yawe magumu, lakini yanaisha makali sawa panga. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 juu ya Atta cephalotes ulionyesha kwamba mwenye mataya yaliyochakaa anatumia karibu muda mara mbili kukata jani lile lile. Huyo anaacha kukata na anageuka kuwa mbebaji. Hafukuzwi, anabadilishiwa kazi.

KUKATA NA KUBEBA

Mkataji anashika ukingo wa jani, anageuka kama kompasi ya shuleni na kukata kipande cha nusu duara. Wakati huo anasugua sehemu za tumbo lake na mwili wote unatetemeka. Mtetemo unafika ku mataya na unawaita wenzake kwenye majani mazuri. Mzigo wake unaweza kuwa mzito mara kadhaa kuliko yeye mwenyewe.

Barabara zao zinaweza kupita mita 100. Zinafagiliwa: majani makavu, vijiti na mawe madogo vinatolewa, na harufu inaachwa chini ili kuonyesha njia. Mara nyingi juu ya kipande cha jani kinachobebwa kunapanda sisimizi mdogo sana. Yeye si mvivu aliyepanda bure. Kuna nzi wadogo wanaotafuta wabebaji ili kutaga yai mwilini mwao, na mbebaji ambaye mataya yake yameshika mzigo hawezi kujitetea. Yule mdogo juu ni mlinzi.

SHAMBA NDANI YA UDONGO

Kwa muda mrefu watu walifikiri kwamba sisimizi hawa wanakula majani yale, ama wanayaezekea vyumba vyao. Muingereza Thomas Belt, aliyekuwa akifanya kazi ya mgodi wa dhahabu huko Nicaragua, aliandika mwaka 1874 kwamba kwa maoni yake majani ni mbolea ya kuoteshea uyoga. Mwaka 1893 Mjerumani Alfred Möller, baada ya kuchunguza viota Brazil, alithibitisha jambo hilo.

Jani likifika ndani linapita mikono mingi. Kwanza linalambwa na kusafishwa. Kisha linakatwa vipande vya milimita moja ama mbili, linatafunwa mpaka linakuwa ujiuji, na sisimizi anadondosha juu yake tone la kinyesi chake. Tone hilo lina vitu vya kuyeyusha jani, ambavyo vilitoka ndani ya uyoga wenyewe na vikapita katika tumbo la sisimizi bila kuharibika. Mwisho, sisimizi wadogo wanachukua nyuzi za uyoga kutoka sehemu ya zamani na kuzipanda juu ya ujiuji ule mpya, kama mtu anayehamisha miche kutoka kwenye kitalu.

Uyoga huo unaitwa Leucoagaricus gongylophorus. Nyuzi zake zinavimba kwenye ncha na kutengeneza vinundu vyenye mafuta na sukari. Vinundu hivyo ndivyo vinavyolisha mabuu. Sisimizi wakubwa wanakula pia kidogo, lakini sehemu kubwa ya nguvu yao inatoka ku maji ya majani wanayonyonya wakiwa wanakata.

Ushirika huu ni wa zamani sana. Babu zao walianza kulima uyoga miaka karibu milioni 50 ama zaidi iliyopita. Siku hizi hakuna upande unaoweza kuishi peke yake. Watafiti waliosoma chembe zote za urithi za Atta cephalotes, na kutoa matokeo mwaka 2011, walikuta kwamba sisimizi huyu amepoteza uwezo wa kujitengenezea kiungo fulani cha protini kiitwacho arginini. Hakikosi, maana uyoga unamletea. Na uyoga nao, bila sisimizi wa kuupalilia, unafunikwa na kuvu zingine na kufa.

ADUI WA SHAMBA, NA DAWA YA USAFI

Hapa njo kuna somo ambalo mkulima wa mihogo ama migomba ataelewa haraka kuliko mtu wa ofisi.

Sisimizi hawapandi uyoga wao kwa mbegu. Wanakata kipande na kukipanda tena, kizazi kwa kizazi, sawa vile mti wa muhogo unavyokatwa na kupandwa, ama mtoto wa mgomba unavyong'olewa na kuhamishwa. Faida ni kwamba zao halibadiliki. Hasara ni kwamba shamba zima ni mmea mmoja: ugonjwa ukipata njia ya kuingia, unaweza kumaliza zima. Wakulima wa Kivu wanajua jambo hilo tangu wilt ilipoingia katika migomba mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu mozaiki ilipoanza kukunja majani ya mihogo.

Adui mkubwa wa uyoga wa sisimizi ni kuvu nyingine inayoitwa Escovopsis. Inakula uyoga wenyewe, na shamba lisilotunzwa linaweza kuisha kwa siku chache. Sisimizi wanapigana nayo kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kupalilia. Wadogo wanapita juu ya shamba usiku na mchana, wanalamba mbegu za kuvu mbaya, na wanang'oa sehemu iliyougua pamoja na kipande kilicho jirani.

Ya pili ni dawa. Mwilini wana tezi zinazotoa majimaji yanayoua kuvu na bakteria, na wanayapaka shambani. Ndugu zao Acromyrmex wanaongeza nyingine: mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba ule unga mweupe unaoonekana juu ya kifua chao ni bakteria wanaotoa antibiotiki dhidi ya Escovopsis. Atta hawana unga huo. Wanategemea zaidi tezi zao na kazi ya kupalilia.

Ya tatu ni kutenga takataka. Mabaki ya majani, uyoga uliokufa na maiti vinapelekwa katika vyumba vya taka. Kwa Atta cephalotes vyumba hivyo viko chini ya udongo. Kwa spishi nyingine, Atta colombica, taka inatupwa inje. Wanaofanya kazi ya taka, wengi wao wazee, hawarudi tena shambani. Wakijaribu kusogea, wenzao wanawasukuma.

Uyoga nao una namna ya kukataa. Jani lenye sumu likiingia shambani na kuudhuru, sisimizi wanaacha kukata mti ule baada ya muda, hata kama mti ule hauna ubaya wowote kwao wenyewe. Katika majaribio, watafiti walipotia majani dawa ya kuua kuvu, sisimizi waliendelea kuyabeba mwanzoni, kisha wakayasusia kwa muda mrefu.

Hakuna ujanja wa ajabu katika njia hizi tatu. Kuondoa kilichougua mapema, kutumia dawa pale inapohitajika, na kutopitisha uchafu kutoka mahali pagonjwa mpaka mahali pazima: njo yale yale agronomu anayosema juu ya wilt anapomwambia mkulima aondoe mgomba mgonjwa na apitishe kisu motoni kabla ya kugusa mwingine.

MALKIA NA KIOTA KIPYA

Msimu wa mvua ukianza, viota vikubwa vinatoa majike na madume wenye mabawa. Wanapandana wakiwa hewani. Jike moja linapandwa na madume zaidi ya mmoja, na mbegu anazobeba siku hiyo zinamtosha maisha yake yote. Madume wanakufa. Jike anashuka, anakata mabawa yake na kuchimba shimo.

Kabla ya kuruka, alichukua kidogo cha uyoga wa mama yake na kukificha katika mfuko mdogo ndani ya kinywa. Sasa anakitema, anakilisha kwa kinyesi chake, na anaanza kutaga. Yeye mwenyewe hali uyoga ule. Anaishi kwa akiba ya mwili wake, ikiwemo misuli ya mabawa isiyo na kazi tena. Mayai mengi ya kwanza ni chakula tu. Baada ya karibu miezi miwili wafanyakazi wa kwanza wanatoka na kuanza kukata majani.

Wengi hawafiki hapo. Ndege wanawadaka, wanyama wanawachimbua, uyoga unakufa. Lakini yule anayefaulu anaweza kuishi miaka zaidi ya 10, na kiota chake kinaweza kuteremka mita kadhaa, na mamia ya vyumba.

HASARA NA FAIDA HUKO AMERIKA

Kwa mkulima wa Amerika, mkata-majani ni balaa. Anakata machungwa, kakao, kahawa, mikaratusi, na muhogo. Anaweza kuacha mti mchanga bila jani katika usiku mmoja. Kumwaga dawa kwenye mlango wa kiota hakusaidii sana, juu malkia yuko chini kabisa. Wanaofaulu wanatumia chambo chenye sumu ya polepole, ambacho wafanyakazi wenyewe wanakibeba mpaka shambani kwao kabla ya kujua kuna hatari.

Katika msitu, sisimizi yule yule ana faida. Anageuza udongo, anaingiza hewa na mbolea chini, na sehemu za taka zake zinakuwa na rutuba kubwa. Watu nao wanamla. Katika jimbo la Santander huko Colombia, majike wenye mabawa wa Atta laevigata wanakaangwa na kuuzwa, sawa vile kumbikumbi wanavyokaangwa huku kwetu mvua ikianza.

HAPA KWETU MKULIMA WA UYOGA NI NANI?

Afrika ina mkulima wake: mchwa wa vichuguu, hasa jenasi Macrotermes. Mchwa si sisimizi. Ijapokuwa wengine wanawaita "sisimizi weupe", jamaa zao wa karibu ni mende. Walianza kulima uyoga hapa Afrika miaka karibu milioni 30 iliyopita, bila kujifunza kwa mtu. Wanatafuna majani makavu, miti na nyasi, na juu ya mabaki hayo wanaotesha uyoga wa jenasi Termitomyces. Uyoga ule mkubwa mtamu unaotoka juu ya kichuguu wakati wa mvua ni mazao ya shamba lao.

Kuna tofauti moja kubwa. Malkia wa Atta anabeba uyoga kutoka kwa mama yake. Mchwa wa spishi nyingi wanaanza bila kitu, kisha wafanyakazi wa kwanza wanaokota mbegu za uyoga huko inje. Njo maana uyoga wa kichuguu unachomoza juu ya udongo na watu wanauchuma, lakini ule wa Atta karibu hauonekani kabisa inje.

NANI ANAKATA MAJANI KU SHAMBA?

Kabla ya kumwaga dawa, alama ya jani inasema mengi:

• Duara safi kwenye ukingo wa jani la waridi ama la maharage: ni nyuki mkata-majani wa jenasi Megachile. Anatumia kipande kutengenezea kitanda cha yai lake. Hasara ni ndogo, na nyuki huyu anachavusha maua.

• Majani ya mahindi yaliyochanika, na unga kama wa msumeno ndani ya moyo wa mmea: ni kiwavi vamizi, ile chenille iliyoingia Afrika kutoka Amerika na kuonekana mara ya kwanza mwaka 2016.

• Sombe iliyoliwa vibaya na ganda la mti limekwanguliwa: mara nyingi ni panzi wanaonuka wa jenasi Zonocerus.

• Matundu na alama ya ute unaong'aa asubuhi: konokono.

• Majani yaliyoshonwa pamoja juu ya mwembe: ni sisimizi mshonaji, Oecophylla longinoda. Hakati majani, anayaunganisha kwa hariri ya mabuu yake. Anauma sana, lakini anakula wadudu waharibifu, na kuna wakulima wa Afrika wanaomtunza kwa ajili hiyo.

• Siafu wa jenasi Dorylus hawakati majani hata kidogo. Ni wawindaji, na wakipita ku shamba wanamaliza viwavi na wadudu wengine.

JE, ANAWEZA KUFIKA SIKU MOJA?

Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, na maadui zake wa huko wamekuwa wakiufuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mdudu mweupe wa unga, cochenille ya muhogo, aliingia Congo kutoka Amerika na kuharibu mashamba katika nchi nyingi za Afrika. Alishindwa baada ya watafiti kuleta, kuanzia mwaka 1981, nyigu mdogo wa Amerika anayemuua. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Mkata-majani hajavuka bahari kuja Afrika. Kwa yeye safari ni ngumu: inahitajika malkia aliyepandwa, akiwa na uyoga ulio hai. Lakini kuvuka maji si jambo lisilowezekana. Acromyrmex octospinosus aliingia katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako hakuwepo zamani, na akaonekana huko mwaka 1954. Kutoka hapo ameenea.

Hapa Congo, pigo lingekuwa mara mbili, kwani muhogo hauliwi mizizi tu. Majani yake njo sombe ya kila siku. Kwa hiyo miche na udongo kutoka mbali havifai kuingizwa bila kupitia kwa wakaguzi wa mimea. Na mkulima akiona siku moja mstari wa sisimizi waliobeba vipande vya majani mabichi, miiba mitatu mitatu mgongoni, asimwage mazutu. Aweke wachache ndani ya chupa yenye pombe kali na ampelekee agronomu wa eneo lake siku hiyo hiyo.